Luqata: Kisahani Kilichookotwa ni cha Nani?

  

Miongoni mwa milango ya fiqhi inayosomwa kwa haraka katika vyuo vyetu ni mlango wa luqata, yaani kitu cha kuokota. Mwanafunzi wa Minhaj huufikia akiwa amekwisha choka na milango ya biashara, na mbele yake anaiona mirathi inamsubiri, basi huupita kama mpita njia. Lakini mlango huu ndio unaompima mtu pale ambapo hakuna shahidi, hakuna mkataba wala hakuna hakimu. Kitu kiko chini, mwenyewe hayupo, na anayeona ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Swali lililotusukuma kuandika makala haya limetoka kwa vijana wa Kiislamu walioko Marekani. Katika bustani za umma za nchi ile kuna mchezo unaoitwa gofu ya visahani. Wapitao humo hukuta kisahani kimelala kichakani au majini, na mara nyingi kimeandikwa jina la mtu na namba ya simu. Je, ni lazima kukirudisha? Wapo wasemao kuwa ni riziki iliyojileta. Hoja zao ni tatu: kwanza, mwenyewe alikitupa kwa mkono wake na akaondoka, pili, ni kitu kidogo, tatu, mwenyewe si Muislamu. Hoja hizi si ngeni. Zote zilikwisha pita mbele ya wanazuoni kabla mchezo huu haujazaliwa, na historia ya luqata ndiyo itakayotupa jibu.

MCHEZO WENYEWE

Hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe, kwa hiyo tuanze hapo. Gofu ya visahani huchezwa kwa kurusha kisahani cha plastiki, chenye upana wa kiasi cha sentimita 21 na uzito usiofika gramu 200, mpaka kiingie katika kikapu cha chuma chenye minyororo. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, jimbo la California, kwa juhudi za Ed Headrick, ambaye ndiye aliyebuni kile kikapu cha minyororo. Mwaka 1976 kikaanzishwa chama cha wachezaji, PDGA, ambacho mpaka leo ndicho kinachotunga kanuni.

Mambo matatu ya mchezo huu yanagusa fiqhi. La kwanza, kisahani kipya huuzwa kwa bei ambayo mara nyingi ni kati ya dola 10 na 20, na mchezaji hubeba visahani kadhaa, kila kimoja na kazi yake. La pili, kanuni za mashindano zinamtaka mchezaji atie alama kwenye visahani vyake, na wengi huandika jina na simu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa wameliandika daftari juu ya mali yenyewe. La tatu, kanuni hizo zinasema kisahani kikitafutwa dakika 3 bila kuonekana huhesabiwa kuwa kimepotea. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Neno "kimepotea" katika kanuni za mchezo ni hukumu ya hesabu ya pointi, ili wengine nyuma wasisubiri. Si hukumu ya umiliki. Dakika 3 hazimtoi mtu katika mali yake.

ASILI YA LUQATA

Kitenzi kilichotoa neno luqata kimekuja katika Qur'ani mahali pawili. Katika Surat Yusuf, aya ya 10, mmoja wa ndugu zake alitoa shauri kuwa atupwe kisimani ili baadhi ya wasafiri wamwokote. Na katika Surat Al-Qasas, aya ya 8, watu wa Firauni walimwokota Musa (a.s.) kutoka mtoni. Tazama mwisho wa visa hivi. Musa alirudishwa kwa mama yake, na Yusuf akakutanishwa na baba yake. Wote wawili waliwekwa pale kwa mkono wa mtu, na hilo halikukata haki ya aliyempenda na kumtafuta.

Ama sheria ya luqata, nguzo yake ni Hadithi ya Zayd bin Khalid Al-Juhani (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtu alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akamuuliza kuhusu kitu cha kuokota. Mtume akamwamrisha akitambue chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mmoja. Akaulizwa kuhusu kondoo aliyepotea, akafahamisha kuwa huyo ni wa mwokotaji, au wa ndugu yake, au wa mbwa mwitu. Alipoulizwa kuhusu ngamia, Mtume (s.a.w.) alikasirika mpaka uso wake ukawa mwekundu, akamuuliza yule mtu ana haja gani naye, ilhali ngamia ana miguu yake na akiba yake ya maji, atakunywa na kula mpaka mwenyewe amkute.

Wanazuoni wameifanya Hadithi hii kuwa mizani. Kondoo hawezi kujilinda, basi kumchukua ni kumwokoa. Ngamia anajilinda mwenyewe, basi kumchukua ni kumzidishia mwenyewe tabu ya kumtafuta. Kwa hiyo swali la kwanza la mwokotaji si "nitapata nini?" bali ni "kipi kitamrahisishia mwenyewe kukipata kitu chake?"

Hadithi ya pili inafanana zaidi na swali letu. Suwayd bin Ghafala, mmoja wa Tabiina, alikuwa vitani pamoja na Zayd bin Suhan na Salman bin Rabia, akaokota mjeledi. Wenziwe wakamwambia autupe. Akakataa, akasema akimpata mwenyewe atampa, na asipompata atautumia. Waliporejea akaenda Hija, akapita Madina na kumuuliza Ubayy bin Kaab (r.a.). Ubayy akamsimulia kuwa yeye aliokota mfuko wenye dinari 100 katika zama za Mtume (s.a.w.), akaamrishwa autangaze mwaka mmoja, kisha mwaka mwingine, kisha mwingine. Mwisho akaamrishwa aihifadhi idadi yake, chombo chake na kamba yake, ili mwenyewe akija apewe, na asipokuja ajinufaishe. Msimulizi wa baadaye alitia shaka kama ilikuwa miaka 3 au mmoja, na wanazuoni wengi wakasimama kwenye mwaka mmoja.

Zingatia, msomaji mtukufu: swali lilikuwa la mjeledi, kitu cha bei ndogo kinachotumika na kuchakaa, na jibu likawa la dinari 100. Ubayy hakumwambia Suwayd kwamba mjeledi si kitu.

ZAMA ZA MAKHALIFA

Katika Muwatta, Imamu Malik (aliyefariki mwaka 179H/795) amehifadhi habari zinazoonyesha jinsi sheria hii ilivyotekelezwa. Mtu aliokota njiani kuelekea Sham mfuko wenye dinari 80, akamweleza Umar bin Khattab (r.a.). Umar akamwamrisha autangaze kwenye milango ya misikiti na amtajie kila atokaye Sham kwa muda wa mwaka. Imetajwa milango, kwa sababu ndani ya msikiti kutangaza kilichopotea kumekatazwa katika Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) aliyoipokea Muslim. Na zimetajwa habari za Sham, kwa sababu tangazo huelekezwa kule anakotarajiwa kuwepo mwenyewe.

Thabit bin Dahhak (r.a.) alimkuta ngamia huko Harra, akamfunga, kisha akaenda kwa Umar. Akaamrishwa amtangaze mara tatu. Thabit akalalamika kuwa jambo hilo limemshughulisha na shamba lake. Umar akamwambia amrudishe pale pale alipomkuta. Hii ni adabu kubwa: asiyeweza kubeba mzigo wa kutangaza asijitwike mzigo wa kuokota.

Mtu mwingine alimjia Abdullah bin Umar (r.a.) na kitu alichokiokota. Akaambiwa atangaze. Akasema amekwisha tangaza. Akaambiwa azidishe. Akasema amezidisha. Ibn Umar akamjibu kwamba hamwamrishi akile, na kwamba kama angetaka asingelikiokota tangu mwanzo.

Kisha yakatokea mabadiliko ambayo mwanafunzi wa historia hana budi kuyatazama kwa makini. Ibn Shihab Az-Zuhri amesimulia kuwa katika ukhalifa wa Umar (13H–23H) ngamia waliopotea waliachwa wakizurura na kuzaliana, hakuna awagusaye. Ulipofika ukhalifa wa Uthman bin Affan (r.a.), akaamrisha wakamatwe, watangazwe, kisha wauzwe, na mwenyewe akija apewe thamani yake. Na imepokewa kutoka kwa Said bin Al-Musayyab kuwa Ali bin Abi Talib (r.a.) aliwajengea zizi, wakalishwa kutoka Baytul Mal, na aliyeleta ushahidi akakabidhiwa mnyama wake.

Je, Uthman aliikhalifu Hadithi ya ngamia? Hasha. Wanazuoni wameeleza kuwa nyoyo za watu zilibadilika na mikono ikaanza kunyooka. Ngamia aliyekuwa salama jangwani zama za Umar hakuwa salama tena. Njia ikabadilika ili lengo libaki, na lengo ni lile lile: mali irudi kwa mwenyewe. Hii ndiyo kauli inayobeba makala haya yote. Hukumu za luqata zimetofautiana kwa zama na kwa madhehebu, lakini hazikuwahi kubadilika kwa ajili ya kumnufaisha mwokotaji.

HOJA YA KWANZA: "AMEKITUPA MWENYEWE"

Hoja hii imejibiwa na Shamsul-Aimma As-Sarakhsi, Imamu wa Kihanafi aliyefariki karibu na mwaka 483H/1090, ambaye sehemu kubwa ya kitabu chake Al-Mabsut aliwaandikisha wanafunzi wake akiwa kifungoni Uzjand. Amegawa vitu vya kuokota mafungu mawili: kile kijulikanacho kuwa mwenyewe hatakitafuta, kama kokwa za tende na maganda ya makomamanga, na kile kijulikanacho kuwa atakitafuta. Fungu la kwanza anaruhusiwa mtu kunufaika nalo. Hata hivyo, mwenyewe akizikuta kokwa zake zimekusanywa mikononi mwa mtu, ana haki ya kuzichukua, kwa sababu kutupa kwake kulikuwa ruhusa ya kutumia, hakukuwa kumilikisha.

Ikiwa hivyo ndivyo katika kokwa ya tende, itakuwaje kitu kilichoandikwa jina na simu? Mchezaji anarusha kisahani kwa nia ya kukifuata. Mkono wake umekitoa, moyo wake haujakitoa. Na ile namba aliyoiandika ni tamko lake lililo hai: anasema anakitaka. Wanazuoni wamewajibisha tangazo kwa sababu mwokotaji hamjui mwenyewe. Hapa mwenyewe amekwisha jitangaza kabla kitu hakijapotea.

Mashafii wana mfano unaokaribia sana. Upepo ukipeperusha nguo ya jirani na kuiingiza nyumbani mwako, hiyo si luqata ya kutangazwa mwaka. Ni amana ya kisheria, na ukimjua mwenyewe ni wajibu umpe au umjulishe mara moja. Ukichelewa bila udhuru ikaharibika, unalipa. Kisahani chenye jina ni nguo ile iliyoletwa na upepo. Mwokotaji hana mwaka wa kusubiri. Ana simu ya kupiga.

Ama visahani vilivyozama mabwawani, wapo wanaopiga mbizi na kuvitoa kisha wakaviuza. Mas'ala haya Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620H/1223) ameyataja katika Al-Mughni anapozungumzia jahazi lililovunjika. Al-Hasan Al-Basri aliona mali iliyotolewa baharini ni ya aliyeitoa. Wapo waliotenganisha: iliyotupwa pwani na bahari ni ya wenyewe, na iliyopigiwa mbizi ni ya wapiga mbizi. Imamu Shafii (aliyefariki mwaka 204H/820) na Ibn Al-Mundhir walisema ni ya wenyewe kwa hali yoyote. Waliompa mpiga mbizi walitazama kina kirefu ambacho mwenyewe amekwisha kata tamaa nacho na kukiacha. Bwawa la bustani si bahari ya Hindi, na kisahani chenye simu ya mwenyewe hakijakatiwa tamaa. Kauli ya Shafii ndiyo iliyo salama zaidi kwa dini ya mtu.

Na kama kiwanja ni milki ya mtu binafsi, kuna haki nyingine juu yake. Mashafii wanasema kinachokutwa katika ardhi inayomilikiwa ni cha mwenye ardhi akikidai, hakiwi luqata. Mahakama ya Uingereza mwaka 1948 ilifikia jambo la karibu na hilo ilipothibitisha hatia ya wizi ya mtu aliyeingia kiwanja cha gofu bila idhini na kuchukua mipira minane iliyoachwa na wachezaji.

HOJA YA PILI: "NI KITU KIDOGO"

Ni kweli kuwa sheria haikuwatia watu uzito katika kila punje. Mtume (s.a.w.) alipita njiani akaiona tende, akaeleza kuwa lau asingeogopa kuwa ni ya sadaka angeila. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676H/1277) katika Minhaj amesahihisha kuwa kitu duni hakitangazwi mwaka mzima, bali muda ambao kwa kawaida aliyepoteza huwa bado anakijali. Na katika moja ya riwaya za Abu Hanifa, kisichofika dirhamu 10 hutangazwa siku chache tu.

Lakini angalia kilichopunguzwa. Umepunguzwa muda wa tangazo, haikupunguzwa haki ya mwenyewe anayejulikana. Hakuna madhehebu yanayosema kuwa mali ndogo ya mtu unayemjua jina ni halali yako kwa kuwa ni ndogo. Kwa hiyo kisahani kikuukuu kisicho na jina, kilichopasuka, kinaweza kuingia katika vitu duni. Kizima kisicho na jina kitangazwe kwa muda unaolingana nacho, kwenye klabu ya kiwanja au katika sanduku la vitu vilivyookotwa kama lipo. Chenye jina, arudishiwe mwenyewe.

HOJA YA TATU: "MWENYEWE SI MUISLAMU"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwa sababu inavaa kanzu ya dini. Dawa yake ni sira. Maquraishi waliokuwa wakimfanyia uadui Mtume (s.a.w.) ndio waliokuwa wakiweka amana zao kwake. Usiku wa Hijra, mwaka 622, wakati walipokuwa wamepanga kumuua, alimwacha nyuma Ali (r.a.) Makka, na miongoni mwa kazi zake ni kuzirudisha amana hizo kwa wenyewe. Na katika Hadithi ya Hudaybiya aliyoipokea Bukhari, Al-Mughira bin Shuba (r.a.) kabla ya kusilimu alifuatana na watu, akawaua na kuchukua mali yao, kisha akaja kusilimu. Mtume (s.a.w.) aliukubali Uislamu wake na akajitenga na ile mali. Imamu Shafii naye amebainisha kuwa Muislamu akiingia nchi ya wasio Waislamu kwa amani, basi mali zao ni haramu kwake. Kijana aliyeingia Marekani kwa viza, akasoma na kufanya kazi chini ya amani yao, amekwisha funga ahadi. Na aya ya 58 ya Surat An-Nisaa iliyoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe haikutaja dini ya mwenyewe.

Zaidi ya hayo, sheria za huko nazo zinamwelekeza kule kule. California, kilikofunguliwa kiwanja kile cha kwanza, kifungu cha 2080 cha sheria yake ya madai kinamtaka aliyechukua kitu kilichopotea amjulishe mwenyewe, akimjua, ndani ya muda wa kuridhisha. Itakuwa fedheha kwa Muislamu sheria ya wanadamu imtake uaminifu ambao Mtume wake aliuamrisha karne 14 zilizopita.

NAMNA YA KUTENDA

Kwanza, ukikiona kisahani na wachezaji wangali karibu, kiache. Huenda mchezo unaendelea na mwenyewe yuaja. Huyo ni ngamia, ana miguu yake. Pili, ukihofia kitaibiwa au kuharibika, na unajiamini nafsi yako, kichukue kwa nia ya kukihifadhi. Mashafii wameona hilo ni sunna, na Imamu Ahmad aliona kuacha ni bora. Asiyejiamini asiguse. Tatu, chenye simu, piga au andika ujumbe siku hiyo hiyo. Akisema ni chako, basi ni zawadi, kichukue kwa moyo mkunjufu. Nne, kisicho na simu, tangaza jinsi yake tu, na alama nyingine zifiche ili mwenyewe azitaje. Ndiyo hekima ya kutambua chombo na kamba. Tano, usidai malipo. Mwenyewe akiwa ametangaza zawadi kabla hujakileta, hiyo ni juala, na asili yake ni shehena ya ngamia iliyoahidiwa katika Surat Yusuf, aya ya 72. Ama kumwambia mtu "nilipe ndipo nikupe chako", hilo halina msingi. Sita, muda wa tangazo ukipita na ukakitumia, kisha mwenyewe akatokea, kwa jamhuri ya wanazuoni kingali chake, au thamani yake.

Ndugu zangu maimamu, tunapowafundisha vijana mlango huu tusiishie kwenye mifuko ya dinari na ngamia wa jangwani wakadhani luqata ni habari za kale. Abdullah bin Masud (r.a.) alinunua mjakazi, muuzaji akatoweka kabla ya kulipwa. Akamtafuta mwaka mzima. Alipomkosa, akawa anazitoa sadaka zile dirhamu moja moja kwa niaba ya mwenyewe, akinuia kuwa mtu huyo akija na kuidai haki yake, deni litabaki juu yake Ibn Masud. Kisha akawafahamisha watu kuwa hivyo ndivyo wafanye katika vitu vya kuokota. Alikuwa na udhuru wa wazi mbele ya watu na hakuutumia. Kijana anayeokota kisahani cha dola 15 chenye namba ya simu hana hata udhuru huo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie miongoni mwa wanaotekeleza amana, zilizo kubwa na zilizo ndogo. Wallahu aalam.